Hodi Tatu za Kompyuta

Uliye jikoni endelea kupika, na uliye njiani usisimame kwa ajili yangu. Jioni ya leo nataka kuzungumza habari ya kompyuta ya mezani iliyonishughulisha zaidi ya wiki nzima ya likizo yangu, Julai iliyopita, kule Njombe. Ilikuwa haijafa. Ingekuwa imekufa ningelala vizuri.

Mashine iliyokufa haina maneno mengi. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Unajua uko msibani, unaanza kutafuta pesa ya nyingine. Inayosumbua watu ni ile inayogoma asubuhi na kufika saa nne iko nzima inachapa barua. Ukiibeba kwa fundi inawaka palepale mezani pake, naye anakutazama kama daktari aliyeletewa mtoto anayecheza. Unarudi nayo nyumbani, kesho asubuhi yaleyale.

Shemeji yangu, mke wa kaka mkubwa, ana steshenari Njombe mjini. Anatoa fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi, anapiga picha za pasipoti, anauza madaftari. Kila kitu pale kinapitia kompyuta moja, ya zile zilizokwisha kutumika zinazoshushwa kwa makontena. Nilipofika nilimkuta ameshajiwekea utaratibu wa kila siku. Saa moja na nusu anafungua duka, anachomeka waya, anabonyeza. Feni inashtuka kidogo, inasimama. Anachomoa, anahesabu mpaka kumi, anachomeka, anabonyeza. Kimya. Anachukua ufagio, anafagia kibaraza, anawasalimia majirani. Akirudi anabonyeza mara ya tatu, mashine inanguruma, na mchana kutwa haina neno.

"Shemeji," akaniambia, "hii siku hizi haifungui mpaka hodi ya tatu."

Alisema kwa utani, lakini mimi neno lile lilinikaa. Nitalirudia.

Kwanza niwaambie habari za mafundi waliotangulia kabla yangu. Fundi wa kwanza aliisikiliza habari yote, akatikisa kichwa, akasema dawa yake ni kupiga Windows. Akaipiga, akalipwa, akaondoka, na picha za wateja za miaka miwili zikaondoka naye. Msikilizaji, Windows inakaa kwenye diski, na diski haiulizwi kitu mpaka umeme umeshatulia na madabodi, ule ubao mkubwa wa saketi ndani ya keisi, imeshajikagua yenyewe. Kama feni inazunguka nusu sekunde na kusimama, hiyo Windows haijapata hata nafasi ya kukosea. Ni sawa na kumhamisha mwalimu wa darasa la tatu kwa sababu geti la shule limekwama.

Fundi wa pili alikuwa na akili zaidi. Alichomoa kadi ya kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita ramu, akaisugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa shuleni, akairudisha. Hilo ni jambo la kweli, meno yale yakishika uchafu mashine haiwezi kuanza. Lakini ramu ikisumbua mara nyingi feni zinaendelea kuzunguka, taa inawaka, kioo kinabaki cheusi, na kama mashine ina kipaza sauti chake kidogo inapiga milio ya kulalamika. Pale mashine ilikuwa inazimika kabisa. Alipoona haikusaidia akaweka ramu nyingine, akabadilisha betri ya saa, akahamisha na waya wa diski, vyote kwa siku moja. Siku iliyofuata iliwaka mara ya kwanza. Wakashangilia. Siku ya pili yake ikagoma. Sasa katika vitu vitatu alivyogusa, kipi kilisaidia na kipi hakikusaidia? Hakuna anayejua, hata yeye.

Sasa turudi kwenye hodi. Wengi wetu tunadhani kitufe cha mbele cha kompyuta ni swichi kama ya taa ya sebuleni, ukibonyeza umeme unapita. Zamani ilikuwa hivyo hasa. Zile mashine za kale zilikuwa na waya mnene unaotoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, mpaka kwenye kitufe, umeme wa ukutani wenyewe unapita chini ya kidole chako. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango mwingine, unaoitwa ATX, na ndio tunaoutumia mpaka leo kwa mabadiliko madogo. Katika mpango huo kitufe hakikati wala hakiungi umeme mkubwa. Kitufe kinapiga hodi tu.

Anayesikia hodi ni nani? Ni mlinzi. Ndani ya pawa saplai kuna saketi ndogo inayotoa volti 5 muda wote ambao waya umechomekwa ukutani na swichi ya nyuma haijazimwa, hata kama unaona mashine imezimwa na umelala. Waya wake ni wa zambarau. Umeme huo mdogo unaifanya madabodi iwe jicho moja limefumba, jingine limefumbua. Ukibonyeza kitufe, madabodi inaisikia hodi, inavuta waya wa kijani chini mpaka sifuri, na huo kwa pawa saplai ndio ujumbe wa kusema fungua. Pawa saplai inaamka yote: volti 12 kwenye waya wa njano, volti 5 kwenye mwekundu, volti 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa. Inajipima. Ikiona umeme wake umetulia, baada ya kama sehemu ya kumi ya sekunde mpaka nusu sekunde, inajibu kupitia waya wa kijivu: tayari. Hapo tu ndipo kichwa cha kompyuta kinaruhusiwa kuanza kazi. Jibu la waya wa kijivu lisipokuja, madabodi inarudi kulala. Feni imeshtuka, imesimama. Wewe uliye nje umeona mtikisiko tu, lakini ndani watu wameitana na hawakuelewana.

Niongeze hapa kwamba baadhi ya mashine za ofisini za makampuni makubwa zina plagi na rangi zao wenyewe ndani, kwa hiyo usizichukue rangi hizi kama sheria ya kila mahali. Ya shemeji ilikuwa ya kawaida.

Nilimwomba daftari. Akatoa la dukani, akaniandikia kwenye deni langu, ndivyo alivyo. Nikachora mistari: tarehe, saa, baridi ilivyokuwa, usiku waya ulichomolewa au haukuchomolewa, imewaka hodi ya ngapi. Kaka yangu alicheka, akasema nimekuja likizo au nimekuja kufanya sensa. Lakini kasoro inayokuja na kuondoka haikamatwi kwa bisibisi, maana ukifungua keisi haipo. Inakamatwa kwa kujua inapenda saa ngapi.

Siku mbili za kwanza nilifanya yale ya kuchosha ambayo kila mtu anayaruka. Nilibadilisha waya wa umeme kwa ule wa printa. Nilifungua plagi, hizi zetu za miguu mitatu bapa zina fyuzi ndani, nikaitazama fyuzi haijalegea. Nikaitoa mashine kwenye ile ekstensheni iliyokuwa imebeba pasi, chaja tano na redio, nikaichomeka ukutani peke yake. Nikapima soketi asubuhi, volti 228. Jioni wakati mji mzima unapika, 214. Si mbaya.

Halafu nikakisingizia kitufe chenyewe. Kitufe kinachoka, kinakwama ndani, na kitufe kilichokwama ndani ni mgeni anayepiga hodi bila kukoma. Mashine nyingi ukikishikilia sekunde nne zinajizima. Nikafungua keisi, nikachomoa ule waya mwembamba wa kitufe kwenye madabodi, na kesho yake asubuhi nikagusisha vile vipini viwili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, kama anayegonga mlango. Feni ikashtuka, ikasimama. Kitufe hakina kosa, tukakisamehe.

Nikatafuta shoti. Skrubu moja iliyodondoka nyuma ya madabodi inatosha kuifanya pawa saplai ijikinge na kuzima kila ikiamka. Pwani nimewahi kumkuta mjusi kafiri ndani ya pawa saplai, amekauka kama dagaa, na madabodi za Tanga na Unguja ukizifungua unaona chumvi ya bahari imeshaota kijani kwenye miguu ya vyuma. Njombe hakuna bahari. Kulikuwa na vumbi na nywele za paka.

Daftari ndilo lililosema. Siku tatu zilizoandikwa, zote waya ulikuwa umechomolewa usiku. Nikamuuliza shemeji kwa nini. Akaniambia msimu wa mvua uliopita radi ilipiga, ikaunguza televisheni ya jirani, na tangu hapo hafungi duka bila kuchomoa kila kitu. Sababu nzuri kabisa, hata mimi ningefanya hivyo. Nikamwomba usiku mmoja tu, Julai hakuna radi, tuiache imechomekwa. Akakubali shingo upande.

Asubuhi iliyofuata iliwaka hodi ya kwanza.

Tukarudia: usiku mwingine tumechomoa, imegoma. Usiku mwingine tumeacha, imewaka. Hapo macho yangu yakamgeukia mlinzi, yule wa waya wa zambarau, kwa sababu yeye peke yake ndani ya mashine iliyozimwa ndiye anayejali kama waya umo ukutani au haumo. Nikachukua mita. Asubuhi ya baridi, kipimajoto cha duka la dawa jirani kinasema nyuzi 9, nikachomeka waya bila kubonyeza kitu, nikagusa waya wa zambarau. Inatakiwa volti 5, ikipungua sana 4.75. Mita ikaniambia 3.9. Nikasubiri. 4.1. Shemeji akafagia kibaraza. 4.4. Alipomaliza kusalimiana na mama wa genge ilikuwa 4.8. Nikabonyeza, ikawaka.

Kwa hiyo kumbe kufagia kulikuwa na kazi. Miezi yote ile alikuwa anampa mlinzi muda wa kupasha viungo moto.

Lakini sikutaka kuamini upesi, maana huenda ni madabodi inayomnyonya mlinzi na si mlinzi aliye dhaifu. Jirani upande wa pili ni saluni. Nikaazima draya ya nywele. Kesho yake, waya ukiwa umechomolewa usiku kucha, nilipuliza hewa ya vuguvugu, ile ya chini, kwenye matundu ya pawa saplai tu, dakika tano, madabodi nimeifunika kwa boksi la karatasi za A4. Nikachomeka. Mita: 4.9 papo hapo. Hodi ya kwanza. Asubuhi nyingine nikafunika pawa saplai, nikaipasha madabodi. Ikagoma. Dada wa saluni aliyekuja kudai draya yake aliniuliza kompyuta inasukwa mtindo gani.

Kwa nini baridi? Kwa sababu ya kapasita. Ni vile vikopo vidogo vya mviringo unavyoviona vimesimama kwenye saketi kama matangi ya maji juu ya paa. Kazi yake ndiyo hiyo hasa: umeme unakuja kwa mawimbi, kapasita inajaa na kutoa taratibu ili upande wa pili upate mfululizo usiotetemeka. Ndani yake kuna karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Kimiminika hicho kinakauka mwaka baada ya mwaka, na joto linakiharakisha. Mafundi wanahesabu kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 za joto, umri wa kapasita unaongezeka maradufu. Na kikishapungua, baridi inakifanya kizidi kuwa kizito kupitisha umeme. Kapasita mpya haijali baridi ya Njombe. Iliyochakaa, asubuhi ya nyuzi 9 inakuwa kama mzee mwenye magoti, mpaka jua lipande.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tatizo hili liliikumba dunia nzima. Kapasita nyingi zilitengenezwa na kimiminika kibovu, zikavimba vichwa na kuvuja kabla hata ya umri wake kufika, na kompyuta zikafa kwa makundi maofisini. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa, kina mikwaruzo ya msalaba iliyowekwa makusudi ili ikizidiwa ipasukie hapo. Ukiona kimetuna kama andazi au kina ukoko wa kahawia, hiyo imekwisha. Lakini iliyokauka bila kuvimba haionekani kwa macho, na ndiyo inayowapotosha watu.

Na kwa nini mlinzi ndiye aliyechoka kwanza, wakati volti 12 zinazoendesha feni na diski zilikuwa safi? Fikiria tu saa zake za kazi. Huko mashine ilikotoka iliachwa imechomekwa, sina shaka, kama ofisi zote. Kompyuta inafanya kazi saa 8, inalala 16, mlinzi anafanya 24, Jumapili na sikukuu, na mara nyingi kapasita yake ndogo imebanwa kando ya kitu kinachotoa joto. Shemeji kwa kuchomoa usiku alimpunguzia kazi mzee wa watu, na kwa kuchomoa huohuo akamfanya aanze kila asubuhi kutoka kwenye baridi kavu.

Tukanunua pawa saplai. Hapa naomba msikilizaji uongeze sauti kidogo. Iliyo dukani iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa za dhahabu, nikaibeba mkononi, nyepesi kama mkate. Wati mia tano hazikai kwenye kitu chepesi hivyo. Ndani yake lazima kuna transfoma ndogo, kapasita ndogo na nafasi nyingi ya hewa. Nikairudisha. Kwa fundi wa tatu, kijana mwenye meza ya kulehemu pembeni ya soko, nikapata iliyotumika, nzito, imeandikwa wati 300, kuukuu lakini ya kampuni inayojulikana. Tukaipima pale pale kwa kugusisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili iamke bila kompyuta, na tukaiwekea feni na diski mbovu ili iwe na mzigo. Zambarau, 5.06. Njano, 12.1. Nikailipia.

Nilikuwa na jambo moja tena la kuangalia kabla ya kuichomeka. Nyuma yake kulikuwa na ile swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Ilikuwa kwenye 115. Huko Marekani ukutani kuna volti 120 tu, na swichi ikiwa 115 saketi ya ndani inaongeza umeme maradufu. Ukiichomeka hivyo kwenye ukuta wa Tanzania, kapasita zake mbili kubwa, zilizojengwa kubeba volti 200 kila moja, zinasukumiwa kama volti 650 kwa pamoja. Mlio wake unafanana na bunduki, na moshi unanuka mpaka kesho. Kijana alikuwa ameijaribu kwenye transfoma yake ya mezani, hakuigeuza. Nikaisukuma kwa bisibisi mpaka 230, nikahema.

Ile ya zamani niliondoka nayo Dar es Salaam. Nakuomba usinifuate katika hili kama hujafundishwa: ndani ya pawa saplai kapasita kubwa inaweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na haionyi. Niliiacha siku kadhaa, nikaipima kwanza, ndipo nikaingiza mikono. Mlinzi nilimkuta pembeni, kapasita ndogo kama ncha ya kidole cha mwisho, haijavimba wala haijavuja, plastiki yake imesinyaa kwa joto. Mpya yake niliipata Kariakoo kwa bei ya soda.

Shemeji bado anachomoa usiku, radi ni radi. Juzi kaka alinipigia simu na katika mazungumzo nikamuuliza daftari linasemaje. Akaenda kulichukua, akanisomea. Jumatatu, saa moja na nusu, baridi sana, hodi ya kwanza. Jumanne, hodi ya kwanza. Jumatano, ya kwanza. Mistari saba ya namna hiyo kwa mwandiko wa shemeji, na chini yake: mwalimu wa Hagafilo fotokopi 14 hajalipa, wino mweusi umekaribia kwisha, mkaa gunia moja.